Umempa umeneja, lakini kila kitu bado anakupigia simu

Sisi kazi yetu ni kufundisha mameneja na kusaidia biashara kupanga mkakati hapa Zanzibar, na hichi kitu tunakikuta sana kwa wateja wetu, wa Mjini na wa shamba: tajiri ana gesti au mgahawa, biashara imekua, sasa anamchukua yule kijana alokuwa hodari kuliko wote kwa wageni, anamwambia kuanzia leo wewe ndo meneja, anamuongeza mshahara kidogo na basi. Haifiki miezi mitatu tajiri analalamika kijana kabadilika, hajiamini, watu hawamsikilizi. Kijana nae analalamika, ila yeye analalamikia jikoni.

Mara nyingi hapo ndo tunapigiwa simu, "nifundishieni meneja wangu". Sawa, tutamfundisha, lakini kwanza tunataka kukaa na wewe tajiri.

Mana mambo yanakuwa hivi. Saa tano usiku mgeni anakuja mapokezi, eisii ya chumbani haipozi. Kuna chumba kiko wazi ila ni cha bei ya juu, na meneja hana ruhusa ya kumhamisha mtu bure, anampigia tajiri, tajiri kalala. Mgeni analala na joto lake, asubuhi keshaandika mtandaoni, nyota mbili na picha ya eisii juu. Tajiri anaamka anawaka, kwa nini hukumhamisha? Na wiki ilopita alimgombeza huyohuyo kwa kumhamisha mgeni bila ya kuuliza. Hapo hata umpeleke semina ya siku tano yenye projekta, sambusa na cheti, atarudi na cheti tu.

Kwa hivo kitu cha kwanza tunachofanya ni karatasi moja, mnaiandika nyinyi wawili sisi tupo. Kwa mfano: jambo la mpaka elfu hamsini aamue mwenyewe, mpaka laki mbili aamue halafu akutumie meseji, zaidi ya hapo akuulize. Viwango ni vyenu. Inaonekana rahisi lakini kuna matajiri wanatoka jasho hapo kuliko wakiwa na watu wa kodi.

Baada ya hapo ndo mafunzo, na humu hatuendi na nadharia za watu wengine. Kijana wa miaka 26 anamwambia vipi mama wa jikoni alolingana na mama yake kuwa anachelewa? Hapa kwetu ukimsema mbele ya watu umeshamkosa yeye na jiko zima. Unaanza na shikamoo, unamvuta pembeni, unamwambia jambo moja tu tena la leo, humfukulii ya mwezi jana. Tunaigiza khasa, mmoja meneja mmoja mama, na kicheko kinakuwepo, lakini watu wanashika.

Sasa mkakati. Watu wengi mkakati wao ni ule waraka mnene ulotengenezwa kwa ajili ya mkopo wa benki, upo droo. Sisi tunaanza na kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, sote tunajua, ila nani kaipangia? Mwaka 2021 ilianza katikati ya Aprili, masika, mahoteli mengi yamefunga, wafanyakazi wako kwao wanafutari. 2026 imeshaingia Februari, wageni wamejaa. 2028 ni mwisho wa Januari, na 2030 mwezi ukiandama tutafunga mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Disemba! Yaani magharibi ileile mgeni anataka meza ya kuangalia jua likizama ndo wahudumu wako wanataka tende na uji, na huwezi kuwanyima, wala si haki. Unahitaji zamu mbili, unahitaji mtu wa kusimamia ile saa moja, na bajeti yake uanze kuiweka sasa hivi. Hilo ndo suala la mkakati, mengine maneno mazuri tu.

Mafunzo tunayafanya zaidi Aprili na Mei, mahoteli yakiwa kimya. Pemba tunakuja pia, ila msimu wa karafuu ukinoga msituite, watu hatutawapata. Tunakuja hapohapo kazini kwenu, hatukodi ukumbi. Na siku ya kwanza tajiri awepo mwenyewe, si kumtuma binamu, akiwa hana nafasi tunaahirisha mpaka apate.