Baba yake Patrick

Mwanangu,

Nimeisikiliza ile albamu unayoipenda, Lavender Country, mpaka mwisho, na nyimbo kadhaa nimezirudia. Nilitegemea makelele, nikakuta piano, gitaa na fidla, muziki wa kantri kabisa, ila mwanamume anamwimbia mwanamume mwenzake bila kumung'unya maneno. Mwaka 1973! (Mzaha mwingine humo, shangazi yako asiusikie.)

Nimesoma na habari zake. Mwimbaji wake, Patrick Haggerty, na wenzake waliitoa Seattle, Marekani, nakala 1,000 tu. Redio gani ingeipiga? Iliuzwa kwa posta, kwa matangazo kwenye magazeti ya mashoga. Namwona kijana wa kijijini akitia pesa kwenye bahasha, kisha kila siku anamvizia tarishi, kifurushi kisije kikaangukia mikononi mwa wazazi. Anafunga mlango, anapunguza sauti. Kumbe yuko mwingine kama yeye, na anaimba! Sasa naelewa kwa nini ukirudi umenuna unajifungia nayo chumbani.

Ilitolewa upya 2014, na Haggerty akapanda tena jukwaani akiwa mzee, mpaka alipofariki 2022.

Lakini mimi nimemng'ang'ania baba yake. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa jimboni Washington, mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku moja alikwenda shuleni na nguo zake za zizini, zina kinyesi cha ng'ombe. Patrick alikuwa amejipaka vimetameta usoni, anataka kuingia kwenye kikundi cha kushangilia timu. Alipomwona baba akajificha kwenye ujia, kwa kuzionea haya zile nguo. Garini mzee hakugusia vimetameta. Alimwambia kwamba yeye ni mfugaji na hivyo ndivyo wafugaji wanavyovaa. Naye Patrick akikua, yeyote atakayetoka naye, asiende kwa kunyata na kujificha, maana anayenyata amekwisha kujihukumu kuwa ana kosa.

Mkulima, enzi zile! Wasomi wangapi wa leo wanashindwa?

Basi huyo unayeongea naye kwenye simu, ambaye nikiingia tu unashusha sauti, mlete Jumapili tule pamoja. Baba yako ameniuliza kama anakula pilipili.

Mama