Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: dawa za kansa zisikatike katikati

Muheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Katuba. Ninaandika kwa sababu wagonjwa wetu wa kansa wanaanzishwa kemoterapia, yaani matibabu ya dawa zinazoua kansa, kisha dawa zinakatika.

Dozi nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, na muda huo una maana yake. Dawa inaua chembe zinazogawanyika haraka: za kansa, lakini pia za nywele, za kinywa na za uboho unaotengeneza damu. Wiki moja au mbili baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zinashuka sana, halafu zinapanda tena. Daktari anangoja mwili upate nguvu, kisha anarudia kabla kansa haijaota upya. Dozi ikichelewa sana, kansa ndiyo inayopata nafuu.

Mama mdogo wangu alianza vizuri matibabu ya kansa ya titi. Dozi ya tatu ikakosekana, tukaambiwa tujitafutie. Familia ikachanga, mtu akatumwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akarudi na chupa ambazo hakuna aliyejua zilihifadhiwa namna gani kwenye joto lile. Mama wa watu ametapika, nywele zimekwisha, na bado matibabu yameingia pengo.

Mashine ya mionzi tunaihitaji, hasa kwa kansa ya mlango wa kizazi, lakini najua haitapatikana kesho. Akiba ya dawa inawezekana sasa. Sisplatini, doksorubisini, siklofosfamidi na tamoksifeni zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jimbo liziweke, na mgonjwa asianzishwe kabla dozi zake zote hazijatengwa kwa jina lake.

Pia nyama inayotolewa kwenye titi ipimwe kama kansa hiyo inalishwa na homoni. Ikiwa ndivyo, kidonge cha tamoksifeni kila siku, kwa miaka 5 au zaidi, kinapunguza sana hatari ya ugonjwa kurudi. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu! Bila kipimo hicho daktari anakisia tu.

Na wauguzi wa vituo vya afya, Ruashi, Kampemba, kote, wafundishwe kwamba homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemoterapia ni dharura. Asipewe dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Anahitaji antibiotiki ya mshipa saa ileile, na hospitali.

Tunaomba dawa hizi zitajwe kwa majina katika bajeti ijayo ya jimbo.

Kwa heshima,
Mkaaji wa Katuba, Lubumbashi