Msitusomee hukumu ya Mungu juu ya jeneza la mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nina jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita. Tulikuwa msibani kwa jirani yangu hapa Mwanza, mtoto wa miezi saba, homa ya siku mbili tu basi kaondoka. Mama mtu yuko kwenye mkeka hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, mhubiri kashika maiki chini ya turubai anasema Mungu hachukui mtoto hivi hivi, kuna kitu ndani ya nyumba hiyo wazazi wanakijua wenyewe, watubu kabla hakijaja kingine. Watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia, Mungu anisamehe, mdomo ulitangulia kwa mazoea.

Mimi ni Mkristo na hukumu naiamini kabisa. Mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mume wake, kesi ikapigwa danadana mpaka akachoka, huyo amebakiwa na Hakimu mmoja tu asiyehongeka, sasa nani atataka kumwondolea? Kinachoniuma ni sisi kuigeuza maiti ya mtu kuwa karatasi ya hukumu na kuanza kuisoma mbele ya wafiwa.

Nilirudi nyumbani nikafungua Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, yeye akawaongezea na ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, akawauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Najua kuna watakaosema dada endelea kusoma, amesema msipotubu mtaangamia vivyo hivyo. Nimesoma. Lakini hayo aliwaambia wazima waliokuja na habari za vifo vya wenzao, kuhusu wale 18 hakuna dhambi hata moja aliyoitaja.

Andiko ambalo mhubiri alilisimamia ni 2 Samweli 12, na hapo kweli pagumu. Daudi kamchukua mke wa Uria, kamuulia mumewe vitani, halafu anayekufa ni mtoto, siku ya saba, kichanga ambacho hata jina hatukuambiwa. Hilo andiko linanisumbua, nimeulizia kwa wachungaji tofauti tofauti na sijapata jibu la kunituliza moyo. Ila hata hapo nabii Nathani alitumwa na Mungu, akaenda kwa Daudi mwenyewe akamwambia ana kwa ana, dhambi akaitaja kwa jina lake. Huyu wetu alitumwa na nani? Na dhambi ya yule mama ni ipi? Hakuitaja kwa sababu haijui, kaiacha inaning'inia hewani ili kila mtu pale chini ya turubai abuni ya kwake, na kweli jioni ileile maneno yalishaanza mtaani.

Halafu yuko Ezekieli 18. Watu walikuwa na msemo wao, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu mwenyewe akawakataza wasiutumie tena, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Tena kuuliza sio kukufuru jamani, Ibrahimu aliposikia habari za Sodoma alimuuliza Mungu moja kwa moja, Mhukumu ulimwengu wote asitende haki? akabembeleza kutoka watu 50 mpaka 10 na Mungu akawa anamsikiliza.

Sisi wa Mwanza tulipaswa tuwe wa kwanza kuelewa haya. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ziwani ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, wengi wakazikwa pamoja pale Igoma, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wakubwa wakisema hii ni hasira ya Mungu kwa starehe za watu wa ziwa. Sasa ukishasema hasira ya Mungu, nani tena atauliza nani aliruhusu meli iondoke na watu wote wale? Ndio hivyo hivyo kwa huyu mtoto. Zahanati ya kwanza waliyompeleka waliambiwa dawa hakuna, wakatafute kwingine, usiku, bila usafiri. Hilo pale msibani halikusemwa na mtu.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, walipofungua midomo ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao. Naomba wachungaji na wainjilisti wanaosoma barua hii, ukipewa maiki kwenye msiba wa mtoto soma zaburi, omba, kaa. Hata Daudi alipofiwa alisema mimi nitakwenda kwake lakini yeye hatanirudia mimi, maneno kama hayo mama anaweza kuondoka nayo.

Jumapili iliyopita nilimpitia jirani yangu twende ibadani kama tulivyozoea. Nilimkuta anafua nguo za mtoto, zile zile alishazifua wiki iliyopita. Akaniambia nenda tu dada, mimi nikienda watu watakuwa wananiangalia wanajiuliza nilifanya nini.

Msomaji wako,
Mwanza