Bwawa la juu ya kijiji chetu likaguliwe kabla ya masika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya bwawa lililoko juu ya kijiji chetu huku Kaunti ya Nakuru. Si la serikali, ni bwawa la udongo la mtu binafsi, la kunyweshea ng'ombe na kumwagilia shamba, na wengi wetu tumezaliwa tukalikuta pale, watoto huvua samaki hapo na kiangazi akina mama huteka maji ya kufua, kwa hivyo siandiki kwa chuki, limetufaa sana.

Jumapili iliyopita nilipanda huko na mzee mmoja jirani ambaye alikuwa kibarua wakati ukuta unajengwa. Nilimwambia, baba, hebu nionyeshe hicho kitu unachokisema kila siku kwa baraza na hakuna anayekusikiliza. Akanipeleka nyuma ya ukuta, kule chini kabisa, mahali nyasi ni kijani kibichi na kwingine kote kumekauka. Akachota maji kwa kikombe cha plastiki akaniambia angalia, nikaangalia, yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tukakiweka juu ya jiwe tukaongea mambo mengine, kuja kurudi chini ya kikombe kumetulia udongo unene wa ukucha. Mzee akasema ukuta wa udongo lazima utokwe na jasho kidogo, likiwa safi si la kukunyima usingizi, lakini likitoka na matope jua ukuta unaliwa kutoka ndani. Na ndivyo ilivyo, maji yakipata kanjia kadogo yanabeba udongo kidogo kidogo, shimo linarefuka kurudi kule maji yaliko, na ukisimama juu unaona ukuta mzima kabisa, nyasi nzuri, ng'ombe wanapita.

Halafu kuna mikaratusi. Ilikuwa imepandwa pale pale kwenye ukuta, mwaka jana ikakatwa ikauzwa nguzo, visiki vikaachwa. Watu wanadhani mti ukikatwa shida imeisha, kumbe mizizi ikioza inaacha mashimo marefu ndani ya udongo, ni kama umepitisha mabomba. Mafuko nayo yamechimba, nilihesabu vichuguu saba hivi nikaacha kuhesabu.

Lakini kilichonitia hofu zaidi ni ule mtaro wa pembeni wa kutolea maji ya ziada, mafundi wanauita spilwei. Umezibwa! Watu wa shamba walipanga magunia ya mchanga ili bwawa libaki na maji mengi zaidi, na majani yamemea juu ya magunia, inaonyesha yamekaa. Sasa mvua ikinyesha sana maji yatapita wapi kama si juu ya ukuta, na ukuta wa udongo maji yakishapita juu yake unakatika kama sukari nguru kwa chai.

Sisi watu wa Nakuru si watu wa kuelezwa haya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel kule Solai lilipasuka, nalo lilikuwa la udongo na la mtu binafsi, maji yakazoa nyumba za vijiji vya Energy na Nyakinyua watu wakiwa ndani, zaidi ya watu 40 wakafa wakiwemo watoto. Seneti iliunda kamati maalum kuchunguza. Halafu Aprili 2024 tukazika tena watu wa Mai Mahiu, na pale halikuwa hata bwawa, kalvati la reli, ile njia ya kupitishia maji chini ya reli, liliziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, tuta likaachilia alfajiri watu wamelala.

Najua kuna watakaosema hako ni kabwawa kadogo. Basi tupige hesabu pamoja. Bwawa la mita 100 kwa mita 100, kina chake tuseme mita 3 tu, lina mita za ujazo 30,000, na kila mita moja ya maji ni tani moja, hayo ni malori 3,000 ya tani kumi kumi yakiteremka mlima kwa pamoja bila breki. Chini yetu kuna chekechea, iko mtoni kabisa.

Mwenye shamba haishi huku. Meneja wake nilimwendea kwa heshima, akasema tangu lijengwe halijawahi kuvunjika. Nikaenda ofisi moja inayohusika, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, huu ni mwezi wa pili. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 ilianzisha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na kusimamia mabwawa kama haya ni kazi yake, kwa hivyo naomba injinia wao aje ajionee hicho kikombe cha matope kwa macho yake, aseme maji yapunguzwe kiasi gani, na atakachokipata kisomwe kwa baraza la chifu, kisiishie kwa faili, manake sisi ndio tunalala chini yake. Pia mlinzi wa usiku wa shamba apewe namba za simu za wazee wa nyumba kumi. Kwa sasa hata akiona ukuta unakatika hana mtu wa kumpigia.

Na wakati tunangoja injinia, yale magunia yaondolewe. Vijana wanne wanayamaliza asubuhi moja, nimeshaongea nao na wako tayari kuja na majembe yao bila kulipwa hata shilingi. Kinachotuzuia ni ruhusa tu, manake bwawa ni mali ya mtu na hatutaki kuingia kwake kama wezi. Mwenye shamba akisoma hii barua, tunaomba atuambie ni siku gani tuje.

Mkazi wa bondeni,
Kaunti ya Nakuru