Barua kwa mwanangu aliyeacha bao

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, goti langu limepoa kidogo, na mwembe wa uani mwaka huu umezaa mpaka matawi yanagusa bati. Mzigo huu nimemkabidhi kondakta wa basi la Dodoma. Ukiufungua utakuta doti ya kanga, chupa ya samli, na kifuko nilichokishona kwa kipande cha gauni lako la zamani. Hicho kifuko ndicho kilichonifanya nikae niandike. Ndani mna komwe 70. Bao linataka 64, hizo sita ni za akiba, maana najua ukiwa na haraka kete zinavyokuponyoka. Nimeziokota mwenyewe ufukweni Mwambani, na miba ya ule mkomwe imenichana mikono yote miwili.

Wiki iliyopita nilikuuliza kwenye simu kama bado unacheza. Ukanijibu, "Muda sina, mama, halafu lile ni mchezo tu." Nikakuaga, nikarudi kwenye cherehani, nikaambatanisha mkono wa gauni la mtu ndani nje. Niliufumua nikaurudia, nikakosea tena. Lile "tu" lako lilikuwa limenikaa kooni.

Kisha mdogo wako, yule aliyekuja kwako Idi, akanisimulia. Kumbe ulikwenda kwa wale wazee wanaocheza karibu na soko, ukaomba zamu, ukakaa. Ukafungwa mkononi, kete zingali zimejaa kiganjani, hata mtaji, ile hatua ya pili ya mchezo, hamjaufikia. Watu wakacheka, na mmoja akakwambia urudi nyumbani ukapike. Tangu siku hiyo hukurudi, na bao umelisukuma chini ya kitanda.

Basi mama, tusemezane kweli. Muda unao. Ulichokipata ni aibu, na aibu naijua, nimeishi nayo. Lakini usiivishe nguo ya uchovu wa kazi, maana hapo hutaiponya.

Sijakusimulia vizuri nilivyolijua bao. Mimi sikufundishwa, nililiiba kwa masikio. Kwetu Pangani wanaume walikaa barazani baada ya alasiri, na sisi wasichana tulikuwa uani, tukipepeta mchele au kukuna nazi. Baraza na jiko letu vilitenganishwa na ukuta mmoja. Sikuwa naona kitu, ila nilikuwa nasikia. Komwe ikiangukia shimo lenye kete nyingine hugongana nazo, sauti kali kama vijiwe. Ikiangukia shimo tupu hugonga mti, sauti nzito, halafu kimya. Na kile kimya kina maana: kete ya mwisho imelala, zamu imehama. Nikaanza kuhesabu huku mbuzi ya nazi i chini yangu. Ka, ka, ka, ka, du. Tano, imelala. Alikuwapo mchezaji mmoja ambaye nazi nzima huisha kukunwa yeye bado anatembeza, hajalala. Wenzake walimwita fundi. Sura yake sikuwahi kuiona vizuri, lakini mkono wake ningeutambua gizani.

Nilikuwa na miaka 11. Nikachimba mashimo mchangani nyuma ya jiko, mistari minne, kila mstari mashimo manane, nikaokota mbegu za ubuyu, nikawa narudia nilichokisikia. Kila shimo nilitia mbili. Sikujua kwamba wakubwa huanza na kete sita nyumbani, lile shimo kuu la mstari wa mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza baoni, moja moja. Miaka baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba hata lile langu la mbili mbili lipo na lina jina lake, bao la kujifunza. Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyeonyeshwa cheti chake cha kuzaliwa.

Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinigundua mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Anacheza na rafiki yake, mimi naingia na kahawa. Nikaona mkono wake unakwenda kula shimo la katikati, na pale mbele ya kimbi chake, shimo la pembeni, kete nane zinamngoja. Nikaguna. Sikusema neno, niliguna tu. Akanitazama, akatazama bao, akahesabu upya, akala kimbi. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Usiku ule alinifunga mara nne, na kila mara akanirudisha nyuma hadi pale kosa lilipoanzia, kete kwa kete, bila kunicheka.

Halafu mimi nikaacha. Miaka sita! Wewe ulikuwa bado mdogo sana. Nilipata kazi ya kushona sare za wanafunzi, nikawa nalala saa saba za usiku, na hakuna aliyenikataza bao. Nilijikataza mwenyewe, kwa neno lile lile ulilonitamkia. Bao likawa kifuniko cha pipa la maji nyuma ya nyumba. Wewe ulikuwa ukilipanda kuchungulia kuku wa jirani. Baba yako akirudi huuliza, "Leo moja?" Nami hujibu, "Kesho, nina vifungo." Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akicheza peke yake kichwani, akiwa amelala chali, midomo inatikisika.

Alipoanza kuugua nikaliteremsha bao kutoka kwenye pipa. Unyevu ulikuwa umelipasua, ule ufa unaouona pembeni mwa kichwa cha bao. Nikalipiga msasa siku mbili, nikalipaka mafuta ya nazi mpaka mti ukakubali kung'aa. Tukacheza kitandani kwake. Nilikuwa nimechacha, mwanangu. Zamani nilikuwa nikilitazama shimo napajua kete zitakapolala kabla sijazigusa; sasa naanza kuhesabu, nikifika pembeni nageuka mstari wa nyuma, napotea. Tulipata miezi minne. Tungeweza kupata miaka sita na miezi minne. Hili ndilo linaloniamsha usiku, kuliko hata siku ya mazishi.

Ndiyo maana nilikukalisha kwenye bao ukiwa na miaka saba, na ndiyo maana ulipopata kazi nikakupa lile lile la baba yako, badala ya kukununulia jipya.

Sasa mimi nina siku zangu. Jumatano na Jumamosi, alasiri ikishaswaliwa, cherehani inafunikwa. Mteja akija anaambiwa fundi yuko kwenye bao, arudi magharibi. Mwanzoni walinuna, na mmoja alihamia kwa fundi mwingine. Nilimwacha aende. Nacheza na yule jirani yetu mstaafu wa reli, na mvua ikinyesha tunahamia jikoni. Nina daftari, lile la majalada ya kijani ulilobakisha shuleni. Ninaposhinda siandiki kitu. Nikifungwa naandika siku, na naandika kosa lilianzia kwenye kete ipi. Ukurasa wa Jumatano iliyopita unasema: "Kete ya tisa. Nimekula kwa pupa, sikutazama alichobakiwa nacho nyuma." Daftari limefika katikati. Hakuna anayenilipa kwa hilo wala sitarajii, lakini sijui kitu kingine kinachonifanya nijisikie niko mzima kama saa ile ninapofungua ukurasa, naona kosa la mwaka juzi, na najua silirudii tena.

Utaniambia, mama, wewe una nafasi, mimi nina bosi. Basi mkumbuke Mwalimu Nyerere. Bao alilipenda, akakaa nalo na wazee wenzake Butiama. Na mwaka 1963, nchi ina miaka miwili tu ya uhuru, yeye ndiye Rais, ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar. Nani alimtuma? Hakuna. Alikuwa anakipenda Kiswahili, akataka kuona kama kinaweza kuubeba mzigo ule. Wala hakutosheka. Mwaka 1969 akaitoa tena akiwa ameirekebisha, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi, ambayo sisi tuliisoma darasani. Hapo kwenye kurekebisha ndipo ninapomwamini zaidi. Mtu anayejipitishia muda angeridhika na ile ya kwanza, nani angemhoji Rais? Yeye alirudi kwenye makosa yake mwenyewe, katika kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Nakuomba nawe urudi kwenye kosa lako. Nadhani nalijua hata kabla hujanisimulia. Uliing'ang'ania nyumba. Tangu mdogo ndiyo tabia yako, kete zikijaa nyumbani unazionea huruma, unalala pale pale, zinafika tisa, zinafika 11, na mwenzako anakusogelea polepole kwa kete moja moja mpaka anailamba yote kwa mkupuo. Na wewe ukishaliwa nyumba moyo hukatika, unacheza kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Nimekosea? Nyumba huwekwa ili siku moja iende safari, kete zake zitembezwe shimo kwa shimo. Itoe mapema, ikiwa bado ni wewe unayechagua siku. Kaa peke yako, lipange bao kama lilivyokuwa siku ile, ucheze pande zote mbili, na kila ulipolala nyumbani, wewe safiri, uone zinakofika.

Kisha rudi kwa wale wazee. Siyo wiki hii. Kwanza jipe mwezi mmoja, siku mbili kwa wiki, saa moja tu, simu iwe chumba kingine. Chagua siku zako uniandikie ni zipi, nizijue. Kazini ukiitwa baada ya muda siku hiyo sema una ahadi, kwa sababu unayo. Na utakapokwenda, salimia vizuri, shikamoo zako zisipungue, subiri zamu kama wengine. Yule wa "kapike" akiwapo, usijibizane naye. Utafungwa tena, hilo nakuambia mapema. Ukifungwa, muulize aliyekufunga, "Babu, niliharibu wapi?" Mafundi wa kweli hulipenda swali hilo kuliko ushindi wenyewe. Baba yako alikuwa hivyo, hata yule wa Pangani nina hakika alikuwa hivyo, ingawa nilimjua kwa sauti tu.

Mpaka ufikie hapo, tucheze mimi na wewe. Nimeshamuuliza yule jirani yetu, akanisaidia kuona inawezekana: kila mmoja bao lake, kila mmoja anapanga pande zote mbili, tunatumiana hatua kwa simu, moja kila siku. Mimi mkubwa, naanza mimi. Lipange. Nimenamua katika shimo la kwanza kulia kwa nyumba yangu, kete zimekuwa tatu, nimetakata, yaani nimezitembeza bila kula, kwenda kushoto: moja imeingia nyumbani, sasa zimo saba, ya pili shimo linalofuata, ya tatu imelala.

Nimeiacha wazi makusudi. Itazame vizuri kabla hujala.

Mama yako