Mwani Kwenye Tangi la Samaki: Punguza Taa Kabla ya Kununua Dawa

Mteja akituulizia dawa ya mwani, tunamuuliza kwanza: taa ya tangi inawaka kwa muda gani kwa siku? Mara nyingi taa huwashwa asubuhi na kuzimwa watu wanapokwenda kulala. Kwa hali hiyo dawa haifui dafu. Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga kama mmea, na mbolea yake haikosekani: naitreti na fosfeti zinazotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki.

Kwa hiyo anza na taa. Nunua taimeri ya kuchomeka kwenye soketi, uipange iwashe kwa muda wa saa 6 kwa siku. Mimea ikistawi na kioo kikibaki safi kwa wiki kadhaa, unaweza kuongeza muda hadi saa 8 kwa siku. Tangi lisikae mahali linapopigwa na jua la dirishani, kwani jua halizimwi na taimeri.

Kisha chakula. Wape kile wanachokimaliza ndani ya dakika 2, basi. Chakula cha kugandishwa kiyeyushe kwenye kikombe, ukichuje, na maji yake uyamwage. Wengi humimina yote tangini, na yale maji ni mbolea tupu.

Kila wiki toa robo ya maji: tangi la lita 100, toa lita 25. Mpira wa kunyonyea uuchomeke ndani ya changarawe, maana uchafu umejificha huko. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi, na yaondolewe klorini. Sponji ya kichujio ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiioshe bombani: klorini itaua bakteria wanaosafisha maji, amonia (sumu inayotokana na kinyesi cha samaki) ipande, samaki waugue, na mwani ushangilie. Naitreti tunapenda iwe chini ya miligramu 20 kwa lita. Ikigoma kushuka, pima maji ya bomba yenyewe. Kama yanakuja na miligramu 30, kuyabadilisha kila siku hakutasaidia. Hapo ongeza mimea inayokua haraka, hasa ile inayoelea, maana hufyonza naitreti na pia huleta kivuli.

Sasa tazama ni mwani gani ulio nao. Utando wa kahawia unaofutika kwa kidole ni kawaida kwa tangi jipya. Ufute, na baada ya wiki chache kwa kawaida hutoweka wenyewe. Vidoa vya kijani vilivyoganda kwenye kioo vinataka wembe, lakini kama tangi ni la plastiki tumia kadi ngumu, wembe utalichora. Maji yakiwa ya kijani kama supu, kuyabadilisha peke yake ni kazi bure, kwa sababu chembe zilizobaki huzaliana upya. Funika tangi kwa blanketi siku 3, bila taa wala chakula, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kisha badilisha nusu ya maji.

Unaosumbua zaidi ni ule wa manyoya meusi kwenye kingo za majani na mdomo wa kichujio. Majani yaliyozidiwa yakate. Kwa mengine, zima kichujio, vuta haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa sirinji, isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi, uiachie polepole karibu kabisa na manyoya. Utaona vipovu vinapanda. Baada ya dakika 5 washa kichujio. Manyoya yakigeuka mekundu au ya waridi katika siku zinazofuata, yamekufa. Ukiwa na kamba wadogo, dozi iwe ndogo zaidi.

Utando wa kijani-bluu unaoteleza, unaobanduka vipande vipande na kunuka, si mwani hasa, ni bakteria. Unyonye kwa mpira na uongeze mzunguko wa maji pale ulipokuwa.

Kuhusu dawa za chupa: soma kama zina shaba, kwani shaba huua kamba na konokono. Pia mwani mwingi ukifa kwa mpigo huoza na kula oksijeni, ndipo unaona samaki wakihema juu ya maji.

Na tafadhali, pleko wa kawaida, yule samaki anayenunuliwa ili ale mwani, si suluhisho. Huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hupita sentimita 30 na kinyesi chake ni kingi. Konokono aina ya nerite wanafaa zaidi, na hawazaliani kwenye maji yasiyo na chumvi, ingawa watakutagia vidoa vyeupe kwenye kioo.

Ukitaka tukusaidie, tutumie picha ya mwani kwa karibu, ujazo wa tangi kwa lita, muda wa taa, na kipimo cha naitreti cha tangi na cha bomba.