Ada ya Netflix si gharama yote, hesabuni na bando

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wasomaji wako wanaoacha kulipia king'amuzi na kuhamia Netflix na wenzake wa filamu za mtandaoni kwa kuona ada ni ndogo. King'amuzi kikishalipiwa, dishi linashusha picha mwezi mzima bila kudai vocha. Kule kwingine kila saa ya filamu inakula bando, na bando ndilo linalomaliza hela.

Kwa viwango vya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hutumia takriban GB 0.7. HD, yaani picha safi zaidi, inaweza kufika GB 3 na 4K, iliyo safi kuliko zote, GB 7. Chukua nyumba inayotazama saa tatu kwa siku: mwezi ni saa 90, sawa na GB 63 kwa picha ya kawaida. Tuseme GB 5 unazinunua kwa Sh10,000. Hapo filamu za mwezi zinakula bando la Sh126,000, na ada bado hujalipa. Kwa HD zitatakiwa hadi GB 270. Kila mmoja apige hesabu yake: bei ya bando gawanya kwa GB zake, zidisha kwa 0.7, kisha kwa saa unazotazama.

Wengi hulalamika kuwa mtandao umewaibia bando, lakini mara nyingi tatizo ni hotspot. Simu ikitumia data yake yenyewe, programu hubana matumizi. Ukiiwashia TV hotspot, TV inaona Wi-Fi tu, haijui kwamba nyuma yake kuna bando la kupimwa, basi inavuta ubora wa juu kadiri kasi inavyoruhusu. Dawa yake: fungua akaunti kwenye kivinjari, chagua wasifu (profile) wa mtazamaji, ingia mipangilio ya uchezaji (playback settings), weka matumizi ya data kiwango cha kati, au cha chini ambacho ni GB 0.3 kwa saa. Rudia kwa kila wasifu, maana ukibadilisha wa baba, wa watoto unabaki vilevile. Hapohapo ondoa ile alama inayoruhusu kipindi kinachofuata kijianzishe chenyewe. Na kuzima TV kwa remoti si lazima kuzime kisanduku cha Android kilichochomekwa nyuma. Kinaweza kuendelea kuvuta data usiku kucha. Toka kwanza kwenye programu.

Mwenye fiber, intaneti ya waya ya nyumbani, isiyo na kikomo ana hesabu nyingine, nafuu kweli. HD moja inataka kasi ya megabiti 5 kwa sekunde (Mbps 5), TV mbili kwa pamoja Mbps 10. Kabla ya kusaini aulize kasi inashushwa baada ya GB ngapi.

Na ada zenyewe hazikai mahali pamoja. Marekani, Netflix ya mtandaoni ilianza kuuzwa peke yake mwaka 2010 kwa dola 7.99 kwa mwezi. Januari 2025 kifurushi cha kawaida kisicho na matangazo kilifika dola 17.99. Anayekatwa kwa dola huku kwetu anabeba pia kushuka kwa shilingi. Tena king'amuzi usipolipia kinakata tu, lakini kadi itaendelea kukatwa kila mwezi hadi ughairi mwenyewe. Ghairi siku kadhaa kabla ya tarehe ya malipo. Utaendelea kutazama hadi siku ulizolipia ziishe.

Mpenzi wa soka ndiye anayeumia zaidi. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya NBC, ligi ya Tanzania Bara, ziko Azam TV, kwa hiyo nyumba inayotaka mpira na tamthilia za Netflix inalipa kote kuwili.

Tunaiomba TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, izitake kampuni za simu ziandike kwenye kila bando la video ni saa ngapi za picha ya kawaida na saa ngapi za HD, kwa maandishi makubwa kama yale ya bei.

Mafundi wa ving'amuzi na intaneti,
Mbagala, Dar es Salaam